Mkaguzi Yuko Shuleni: Wazazi wa Songea Wako Wapi?

Mkulima wa Songea apelekapo mahindi yake kuuza, hamwachii mnunuzi mizani peke yake. Husimama karibu, huyatazama magunia yakipandishwa moja moja, huhesabu, na akilazimishwa kujaza lumbesa hulalamika waziwazi, kwa kuwa ajua kwamba kila debe lipitalo bure ni jasho la miezi mingi. Na dini yetu iko pamoja naye katika jambo hili. Katika Qurani Tukufu imo sura nzima ifunguayo kwa kuwaonya wapunjao vipimo.

Mkulima huyu huyu ana amana nyingine iliyo bora kuliko mahindi ya ghala zima, nayo ni mwanawe. Mtoto naye hupimwa. Siku mkaguzi wa shule afikapo, hutazamwa mafundisho ayapatayo mtoto yule, mwalimu amfundishaye, darasa akaalo, choo aendacho na maji anywayo. Je, siku hiyo mzazi yuko wapi? Mara nyingi yuko shambani wala hana habari, na matokeo ya kipimo kile huenda yasimfikie maisha.

Makala haya yataka kusema neno moja, nalo ni hili: ukaguzi wa shule ni ushahidi, na ushahidi haukamiliki mpaka waulizwe wale wajuao, kisha waambiwe matokeo wale wenye haki ya kuambiwa. Katika upungufu huu mkaguzi ana sehemu yake ya lawama, na sisi wazazi Waislamu tuna sehemu yetu.

UKAGUZI WA JANA NA WA LEO

Waliosoma katika zama za Waingereza, na hata miaka mingi baada ya uhuru, wakumbuka vizuri siku ya mkaguzi. Uwanja ulifagiwa mara mbili. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Watoto waliagizwa waje na nguo safi, na mwalimu aliyekuwa nyuma katika kuandika maandalio ya masomo yake alikesha usiku ili ayakamilishe. Mkaguzi aliingia, akaketi nyuma ya darasa na daftari lake, akaandika bila ya kusema neno, akaenda ofisini kwa mwalimu mkuu, kisha akaondoka. Kabla ya kujengwa kwa barabara ya lami kutoka Makambako hadi Songea katika miaka ya 1980, kufika huku kwetu wakati wa masika ilikuwa ni taabu kubwa, na shule za mbali zilimwona mkaguzi kwa nadra kama mwezi uandamao wenye mawingu. Mzazi hakuwamo kabisa katika shughuli hiyo.

Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978 iliweka msingi wa ukaguzi wa shule zote, za serikali na za watu binafsi, na kwa hiyo shule na seminari zetu za Kiislamu zimo pia. Ndipo katika mwaka 2017 Serikali ikatoa mwongozo mpya. Wakaguzi wakaitwa wathibiti ubora wa shule, ingawa watu wengi wangali wakiwaita kwa jina la zamani, nasi tutawaita hivyo katika makala haya. Mwongozo huo wamtaka mkaguzi atazame mambo sita: maendeleo ya wanafunzi katika kujifunza; ufundishaji na upimaji; mtaala unavyotimiza mahitaji ya wanafunzi; uongozi wa shule; mazingira ya shule pamoja na afya na usalama wa watoto; na la sita, ushirikiano wa shule na jamii iliyoizunguka. Shule nayo hutakiwa ijipime kwanza yenyewe. Mkaguzi hutakiwa azungumze na walimu, wanafunzi, kamati ya shule na wazazi, na baada ya ukaguzi iwepo taarifa fupi ya kuwafikia wananchi.

Basi msomaji atauliza: kama hayo yamekwisha andikwa, kuna haja gani ya makala haya? Haja ipo, kwa sababu lililoandikwa juu ya karatasi na litendekalo chini ya mwembe wa shule si jambo moja kila mahali.

SWALI LA MAMA MMOJA

Mimi niliwahi kuwa mjumbe wa kamati ya shule moja ya msingi katika sehemu hizi za kusini. Sitaitaja, kwani shabaha yangu si kumfedhehi mtu. Wakaguzi walikuja asubuhi ya siku ya Jumanne wakaondoka kesho yake. Sisi wanakamati tulipata habari baada ya wiki moja, tena kwa watoto wetu. Hatukuuliza zaidi. Kila mmoja wetu alidhani kwamba kama lingekuwapo jambo zito angeitwa.

Ulipita mwaka na nusu. Akaja mwalimu mkuu mpya, akafungua kabati ili apange majalada, akaiona taarifa ya ukaguzi ule imelala humo. Kwa uaminifu wake aliileta katika mkutano wa wazazi akaisoma mbele ya watu. Taarifa ilisema kwamba katika darasa la tatu wanafunzi wengi hawakuweza kusoma sentensi fupi ya Kiswahili, na ikatoa shauri kwamba watengewe muda wa ziada wa kusoma na wazazi wao wajulishwe upesi.

Akasimama mama mmoja aliyekuwa ameketi nyuma na mtoto mgongoni. Akasema, "Wazee wangu, mwanangu wakati huo alikuwa darasa la tatu. Sasa yuko la tano, na barua ya kaka yake hawezi kunisomea. Haya mliyajua tangu lini?"

Hapana aliyemjibu. Mwalimu wa zamani alikuwa amehamishwa, wakaguzi walikuwa mbali, na sisi wanakamati tulitazama chini. Hatukuwa tumejua, hiyo ni kweli. Lakini kutokujua kwetu kulikuwa ni kosa letu, maana tulichaguliwa ili tujue. Mtoto yule alipoteza mwaka na nusu wa masomo huku dawa yake imefungiwa kabatini.

KISA CHA WATU WA KUFA

Watu wengine hudhani kwamba kumwuliza mwananchi wa kawaida habari za kiongozi wake au mwalimu wake ni mtindo mpya uliotoka Ulaya. Sivyo hata kidogo. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa habari ambayo kila mkaguzi na kila mzazi angefaa kuijua.

Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alimweka Saad bin Abi Waqqas (r.a.) kuwa gavana wa Kufa, katika nchi ya Iraq. Saad hakuwa mtu mdogo: ni mmoja katika wale kumi waliobashiriwa Pepo, naye ndiye aliyeongoza jeshi la Waislamu katika vita vya Qadisiyya. Hata hivyo watu wa Kufa walimshitaki kwa Khalifa, na mashitaka yao yakafika hadi kusema kwamba hata kusali hasali vizuri. Khalifa alimwondoa katika kazi, lakini hakulimaliza jambo kwa uvumi. Alimwita Saad mwenyewe akamwuliza. Saad akaeleza jinsi asalishavyo, kwamba huzirefusha rakaa mbili za mwanzo na kuzifupisha mbili za mwisho, kama alivyojifunza kwa Mtume (s.a.w.). Umar akamwambia kwamba hiyo ndiyo dhana aliyokuwa nayo juu yake.

Hakuishia hapo. Alituma ujumbe uende Kufa ukaulize, na wajumbe hawakuacha msikiti hata mmoja bila ya kuuliza habari za Saad. Kila msikiti ulimsifu. Walipofika katika msikiti wa Bani Abs, mtu mmoja alisimama akamshitaki kwamba hatoki na jeshi, hagawi kwa usawa wala hahukumu kwa haki. Wajumbe hawakumnyamazisha. Saad aliyekuwa hapo alimwomba Mungu kwamba ikiwa mtu yule ni mwongo, arefushiwe umri na umaskini na apatwe na fitina. Na mpokezi mmoja wa habari hii asema kwamba alimwona mtu huyo uzeeni akiwa katika hali hiyo. Mwishoni mwa maisha yake, Sayyidna Umar alitamka wazi kwamba hakumwondoa Saad kwa sababu ya udhaifu wala khiyana, ili sifa njema ya mtu yule isibaki na doa.

Tazama, msomaji mpenzi, mafunzo yaliyomo humu. Aliyeshitakiwa alisikilizwa kwanza. Wajumbe waliwafuata watu mahali wanapokutana, wala hawakukaa nyumbani kwa gavana wakingoja kuletewa mashahidi waliochaguliwa. Mwenye neno tofauti aliachwa aseme. Msemaji wa uwongo alijua kwamba ushahidi una hesabu yake mbele ya Mwenyezi Mungu. Na haki ya mtu mwema ilirudishwa hadharani.

YANAYOMPASA MKAGUZI

Tukitumia mizani hiyo kwa shule zetu za Songea, yako mambo ambayo mkaguzi aweza kuyafanya bila ya fedha nyingi.

Kwanza ni habari na wakati. Mkutano wa wazazi uitishwao saa tatu asubuhi katika majuma ya kupanda mahindi, mvua za kwanza zikisha kunyesha, utahudhuriwa na wazee wachache na wenye maduka. Afadhali uwe alasiri, na usiingiliane na sala ya Ijumaa. Tangazo lipelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, misikitini na makanisani, na sokoni pia, wala lisitegemee barua aliyopewa mtoto ambayo huenda ikabaki katika mfuko wa kaptula.

Pili ni watoto. Mwanafunzi akiulizwa mbele ya mwalimu wake kama hupigwa kupita kiasi, atajibu nini? Mkaguzi mwenye busara hukaa na watoto wachache kando, wakubwa na wadogo, wale wepesi na wale wazito, akawauliza mambo wanayoyajua: mwalimu huingia darasani siku ngapi, kitabu kimoja husomwa na wangapi, njiani hupatwa na nini. Wasichana wasikilizwe na mkaguzi mwanamke, maana yako mambo ya staha ambayo binti hatamwambia mwanamume, na kwa sababu ya mambo hayo hayo mabinti wengi hukosa masomo siku kadhaa kila mwezi. Aliyosema mtoto yasirudishwe kwa jina lake, asije akaadhibiwa kwa ukweli wake.

Tatu ni walimu. Mwalimu afundishaye watoto mia katika chumba kimoja ana haki ya kuulizwa kabla ya kuandikwa. Uingereza, ambako wakaguzi wa shule wa Serikali waliwekwa mwaka 1839, wameonja uchungu wa ukaguzi wa vitisho zaidi ya mara moja. Mwaka 1862 waliweka kanuni ya kuilipa shule fedha kwa kadiri ya majibu ya watoto mbele ya mkaguzi. Walimu wakawakaririsha watoto majibu kama kasuku. Matthew Arnold, mshairi mashuhuri aliyekuwa pia mkaguzi wa shule kwa miaka thelathini na mitano, alikuwa miongoni mwa walioipinga. Na katika zama zetu hizi, Januari 2023, mwalimu mkuu mmoja wa mji wa Reading alijiua baada ya shule yake kukaguliwa na kuhukumiwa kwa neno moja kwamba haifai. Baraza la uchunguzi wa kifo hicho liliamua mwezi Desemba wa mwaka huo kwamba ukaguzi ule ulichangia, na Septemba 2024 Serikali yao ikauondoa mtindo wa kuihukumu shule ya umma kwa neno moja. Twajifunza kwamba kalamu ya mkaguzi yaweza kujenga na yaweza kuua. Mwalimu aambiwe kosa lake kwa siri na kwa adabu, aonyeshwe njia, na wema wake utajwe pia.

Nne ni kamati ya shule, na bodi kwa shule za sekondari. Mkaguzi asiondoke bila ya kukaa nao na kuwaeleza aliyoyaona kwa maneno mepesi. Taarifa fupi ibandikwe mahali pa wazi na isomwe katika mkutano wa wazazi. Hapa pana siri ambayo wengi hawaitambui. Mkaguzi ni mtumishi wa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Shule ya serikali nayo huendeshwa na halmashauri, chini ya TAMISEMI. Mkaguzi hana madawati ya kugawa wala mamlaka ya kuleta mwalimu wa hesabu. Alichonacho ni shauri, na shauri lisilo na mwenyeji wa kulifuatilia hufa. Mwenyeji huyo ni kamati na wazazi. Hao ndio watakaobaki hapo baada ya gari la mkaguzi kuondoka, na ndio wawezao kuuliza kila mwezi: lile tuliloambiwa limefika wapi?

NA SISI WAZAZI JE?

Sasa tujitazame wenyewe. Kujitenga kwa Waislamu wengi na mambo ya shule kuna asili yake. Wamisionari wa Kibenedikto walifika Peramiho mwaka 1898, na kwa miaka mingi shule nyingi za Ungoni zilikuwa mikononi mwa misheni. Wazee wetu waliogopa kwamba mtoto aendaye huko atarudi na dini nyingine. Wengine walimzuia mtoto asiende. Wengine walimpeleka, lakini wao wenyewe wakakaa mbali na shule. Hofu yao haikuwa ya upuuzi. Lakini kwa sheria ya mwaka 1969 Serikali ilizitwaa shule zile zilizokuwa zikipata msaada wake, zikawa za watu wote. Sababu iliondoka zamani, mazoea yamebaki. Tangu Januari 2016, karo ilipoondolewa katika shule za serikali, yameongezeka mazoea mengine: mzazi asema kwamba shule ni ya Serikali, basi Serikali na iangalie.

Ndugu Waislamu, maneno hayo hayatatuokoa siku ya hesabu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji naye ataulizwa juu ya alichokichunga, na akamtaja baba na mama kwa watu wa nyumba yao. Hakutoa ruhusa ya kuihamisha dhamana hiyo kwa waziri.

Tena sisi tuna desturi njema ya kuigwa katika vyuo vyetu vya Qurani. Mtoto akihitimu juzuu, mzazi huitwa akamsikiliza akisoma. Hata mzazi asiyejua kusoma hutambua kama mwanawe asita au asoma kwa ufasaha. Kwa nini desturi hiyo tusiipeleke kwenye masomo ya shule? Jioni, baada ya Magharibi, mwite mtoto akusomee ukurasa mmoja. Tazama daftari lake: limesahihishwa mara ya mwisho lini? Mwulize leo alifundishwa nini na nani. Mzazi afanyaye hivyo kwa mwezi mmoja atakuwa na la kumwambia mkaguzi, na hatahitaji kuokota maneno barazani.

Na tusemapo, tuseme kweli. Katika Surat al-Hujurat tumeamrishwa tuhakikishe habari iletwayo na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Mwalimu asishitakiwe kwa sababu ya ugomvi wa mipaka ya mashamba. Kama kipindi cha dini hakifanyiki, tuseme. Lakini kwanza tujiulize kama sisi tumempeleka mwalimu wa kukifundisha. Na kama mwalimu, awe Mkristo au Mwislamu, awafundisha watoto wetu kwa bidii, basi tumsifu mbele ya mkaguzi kama watu wa misikiti ya Kufa walivyomsifu Saad. Kunyamaza juu ya wema ni kupunja kipimo pia.

Akina mama wasiachwe nyuma. Wao ndio wajuao mtoto aliondoka nyumbani amekula au hakula, na alirudi akicheka au akilia. Bwana amwambiaye mkewe kwamba mikutano ya shule ni ya wanaume amemnyima mkaguzi shahidi aliye bora. Na wakati wa kuchagua wajumbe wa kamati ufikapo, tusikimbie kisha tukalaumu.

Nanyi vijana mnaosoma kurasa hizi: mkaguzi akikuuliza, mjibu kwa adabu na kwa ukweli. Usimwongopee ili kumlinda mwalimu umpendaye, wala usimzulie mwalimu aliyekukanya kwa haki. Na wewe wa darasa la juu, ikiwa mdogo wako hajui kusoma, usimngoje mkaguzi agundue.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkaguzi ni mgeni wa namna hiyo. Lakini mgeni hawezi kumponya mwenyeji ambaye hakumwona wala hakumwambia paumapo. Atakapofika tena katika shule za Lizaboni, Mfaranyaki, Bombambili au vijiji vilivyo chini ya milima ya Matogoro, atukute tuko pale, na akitwacha atuachie taarifa mikononi, isilale kabatini. Mama yule aliuliza, "Mliyajua tangu lini?" Naomba asiwepo mama mwingine wa kuliuliza swali hilo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa mashahidi wa haki na wachungaji waaminifu wa watoto wetu. Amin.